Mkate wa Bia Uliofika Futarini

Siku yangu ya kwanza katika jiko la mikate la hoteli moja ya Diani, nilifukuzwa mlangoni kabla sijavaa aproni. Mkuu wa Mikate alinitazama vidole, akaona hina ya harusi ya dada yangu, akaniambia, "Nenda kaoshe mikono mpaka kwenye viwiko, kisha urudi. Na pete hiyo kaiache kwenu." Nilirudi mikono imewiva kwa kusuguliwa na hina iko palepale. Akaguna, akanisukumia ndoo ya unga. Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo niliifanya mpaka magoti yakakataa.

Ninaandika haya kwa sababu vijana wanaopita hapa kwangu Mwabungo huniuliza kama ni kweli mimi ndiye mama wa mkate wa bia. Wameliona jina langu kwenye ubao wa hoteli, wakalipiga picha, wakanitumia kwenye simu na vikatuni vya kucheka. Mimi sicheki. Nimekasirika, na hasira hii ni ya miaka, wala sitajifanya kwamba imeniisha kwa kuwa sasa nimestaafu na nimekuwa bibi. Acheni kwanza niwaeleze kazi ilivyokuwa, ndipo mtajua jina langu lilifikaje pale na kwa nini limenichoma.

Mkuu wa Mikate wa wakati ule alikuwa mzee wa Msambweni, Mdigo mwenzangu, na sote tukimwita Fundi. Alinifundisha kukanda kwa kiganja, si kwa vidole, kusukuma donge mbele na kulikunja kurudi, mpaka ukilivuta linyooke kama ngozi bila kukatika. Alinifundisha kuumua, yaani kuliacha donge lipumzike na kupanda mahali pasipo upepo, na kulitoboa kwa kidole kujua kama liko tayari. Tobo likirudi haraka, bado. Likirudi polepole, tia motoni. Likikaa vilevile umechelewa, na umeshaharibu unga wa watu. Pwani yetu ina joto, hamira hapa hukimbia, kwa hiyo maji tuliyakandia ya baridi, na wapishi waliotoka bara walituona wajinga mpaka madonge yao yalipofurika mezani.

Mkate wa bia uliletwa na Mpishi Mkuu wa kwanza niliyemkuta, mzungu mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Wageni wake walichoshwa na mkate mweupe wa hoteli, wakataka mkate wa nyumbani, kama ule waliouoka mama zao. Yeye mama yake aliuoka kila Jumamosi kwa bia, na alipoueleza macho yalimlowa. Hilo silikejeli. Mtu kukumbuka mkate wa mama yake ni haki yake.

Wengi hudhani kwamba bia ndiyo inayoumua ule mkate. Sivyo. Bia ya chupa imechujwa, chachu yake haimo tena, na ukiitegemea hiyo peke yake utatoa tofali. Hamira hutiwa vilevile. Bia huingia mahali pa maji, na hufunguliwa mapema ikae mpaka povu liishe, kwa sababu povu humdanganya mpimaji. Kazi yake ni kuleta ladha ya kimea na uchungu kidogo wa mwisho wa ulimi, na ganda la juu hutoka la kahawia iliyokoza. Wageni waliupenda. Walikuwa wakiukata ungali na moshi na kuupaka siagi, nayo siagi ikiyeyuka kabla kisu hakijaondoka.

Fundi alimwendea Mpishi Mkuu siku ileile ya kwanza. Alisimama mikono nyuma, akasema, "Bwana, kazi tutafanya. Lakini sisi Waislamu wa jiko hili bia hatutatia, hatutakanda na hatutaonja. Na mkate huo usifanane na mkate mwingine wowote humu ndani." Nilikuwa ninapepeta unga nikajua kazi imeniishia kabla haijaanza. Mzungu yule alifikiri kidogo, akauliza, "Ufanane na nini basi?"

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wetu. Mkate wa bia ulikuwa na meza yake kando ya dirisha, bakuli lake na ubao wake. Aliyeukanda alikuwa Nduku, mwanamke mwenzangu kutoka Ukambani, mlokole wa kweli. Kanisa lake nalo halinywi, lakini alisema kutia kwenye unga si kunywa, na mchungaji wake akimuuliza atamletea kipande aonje. Na umbo: mkate wa bia ulikuwa wa mviringo siku zote, uliookwa juu ya trei tupu na kukatwa msalaba mgongoni. Boflo nyingine zote, yaani mikate ya kawaida, zilikuwa za mkebe, za pembe nne. Mviringo una bia, wa pembe hauna. Hatukuandika popote, kwa kuwa jikoni mtu ana mikono miwili iliyojaa na jasho machoni, hasomi karatasi. Umbo halihitaji kusomwa. Mhudumu mgeni wa jana alilijua, mwosha vyombo alilijua.

"Anayekula ajue anakula nini," Fundi alikuwa akituambia. "Hilo ndilo somo la kwanza la mwokaji. Hamira ni la pili."

Fundi ndiye pia aliyeanzisha futari. Alimwomba Meneja Mkuu, na kila Ramadhani hoteli ikatoa kreti za boflo kwa msikiti wetu wa Mwabungo. Alipostaafu, kazi ya kuzipeleka ikawa yangu. Walinihamisha kwa muda kwenye nyumba yao ndogo ya wageni Shimoni, ile ya wanaokwenda kuangalia pomboo Wasini, nikaoka peke yangu kwa oveni isiyozidi kabati la nguo. Kisha wakanirudisha Diani nikiwa Msaidizi wa Mkuu wa Mikate. Kokote nilikokuwa, Ramadhani ilinikuta kwetu na kreti zangu.

Sasa sikilizeni nilikuwa na nini. Sikuwa na shamba wala minazi, mume aliniacha mapema, watoto sikujaaliwa. Nilichokuwa nacho pale kijijini ni kwamba mtu akipewa mkate wangu hakuuliza kitu. Aliuchukua, akasema bismillahi, akaumega. Bi Mesaidi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na msikiti, mwanamke mchaji ambaye hata supu ya harusini huuliza kuku amechinjwa na nani, mkate wangu aliula bila kuuliza. Hiyo ndiyo mali yangu, na sikuwa na nyingine.

Akaja Mpishi Mkuu mpya, kijana wa bara, hodari, mwenye haraka. Hakuna alilolikuta akaliacha. Mkate wa mviringo ulimkera kwa sababu vipande vyake havikuingia vizuri kwenye mashine ya kubanika. Akaamuru mkate wa bia nao uokwe kwenye mikebe. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimechukua ruhusa ya siku mbili kumpeleka mama hospitali Msambweni kwa ajili ya macho yake. Nduku aliniambia baadaye kwamba aliuliza, "Na alama je?" Akajibiwa kwamba itaandikwa karatasi na kubandikwa kwenye rafu. Ilibandikwa kweli. Mvuke wa oveni ukaikunja, ikaanguka nyuma ya rafu, na ikakaa huko.

Nilirudi kazini Ramadhani iko katikati. Kreti za futari nilizikuta zimepangwa tayari, boflo za pembe nne, zimepoa, zimefunikwa nguo safi kama kawaida. Jiko zima lilikuwa linanuka vitunguu vya chakula cha wageni. Nami nilikuwa nimefunga, na mwokaji aliyefunga haonji. Nilifanya nilichofanya miaka yote: nikaangalia umbo, nikapandisha kreti kwenye gari.

Wanawake huwa tunafuturu uani kwa Bi Mesaidi. Tulifungua kwa tende na maji, tukaswali magharibi, tukakaa kwenye mikeka, sinia zikaja: mbaazi za nazi, kaimati, viazi vya rojo, na mkate wangu umekatwa katikati. Nilimega, nikachovya kwenye mbaazi, nikatia mdomoni.

Nilijua kabla sijatafuna. Ule uchungu mdogo wa mwisho wa ulimi. Sikuwahi kuuonja maishani, lakini nilikuwa nimeunusa kila asubuhi kwa miaka, na pua na ulimi ni ndugu. Niliutema kwenye kitambaa. Nikainua macho, nikaona kila mkono una kipande. Mama yangu na bandeji yake ya jicho. Wake wa wajomba zangu. Bi Mesaidi amefumba macho kama afanyavyo akila kitu anachokipenda.

Nilifanya nini? Sikusema. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko yote. Nilianza kukusanya mikate iliyobaki kwenye sinia, mmoja baada ya mwingine, naitia kwenye kanga yangu.

"We Mejumaa, una nini?" akasema shangazi. "Unawapokonya watu futari?"

"Umeingia mchanga," nikasema.

"Mchanga! Mbona mimi sijauona? Hebu turudishie."

"Umeingia mchanga, shangazi." Nikaondoka na kanga yangu nikitembea upande.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza ofisini. Mpishi Mkuu alikuwa anakunywa chai, na pamoja naye Meneja wa Vyakula, ambaye ni mwenzetu wa hapahapa pwani, aliyefunga kama nilivyofunga. Nilieleza. Nduku alikuja nyuma yangu bila kuitwa, ameshika ile karatasi iliyoanguka, akaiweka mezani.

"Mama, mbona unapaniki?" akasema Mpishi Mkuu. "Hiyo pombe yote iliisha kwa oveni. Imebaki tu ladha. Hakuna mtu amelewa, ama?"

"Sijaja kukuuliza kama wamelewa."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba hawakuambiwa."

Alimgeukia Meneja kama mtu anayeomba mkalimani. Na Meneja yule, Mungu amsamehe, mimi bado sijaweza, akaniambia kwa sauti ya upole, "Bi Mejumaa, tuongee kama ndugu. Asiyejua hana dhambi. Wewe ukienda kuwaambia ndiyo utawatia mawazo bure, watu wazima, mwezi mtukufu huu. Na hoteli itaonekanaje? Nyamaza. Leo tutawapelekea mikate mizuri zaidi, na keki juu yake."

"Na mimi ninayejua?"

"Wewe utatubia kimyakimya. Halafu usisahau, bibi zetu hapa si walikuwa wakiumulia mikate kwa tembo la mnazi? Walikuwa makafiri?"

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Bibi yangu mzaa mama alilitumia kweli, tembo jipya la asubuhi, kwenye mkate wa kumimina, ule wa mchele, siku ambazo hamira ilikuwa haionekani dukani. Lakini bibi yangu alisema! Alikuwa na mabakuli mawili, na kila aliyeingia ua ule aliambiwa, hili la tembo, hili la maziwa lala, na maalim wa siku hizo alipewa la maziwa. Kuna aliyekula na kuna aliyekataa, na kila mmoja alichagua mwenyewe. Nilimwambia Meneja, "Bibi yangu usimtie kwenye kreti zako." Nikatoka. Wakaniambia nirudi niketi, sikurudi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa maalim wa msikiti wetu. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kizingiti, tasbihi imesimama mkononi. Nilipomaliza akasema, "Waliokula bila kujua hawana kitu juu yao, na funga yao ni funga. Hilo uwe na yakini nalo. Sasa, utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

"Wanawake nitawaambia mwenyewe. Wanaume waambie wewe."

"Itakuwa vigumu, binti yangu."

"Najua, maalim."

Jioni ile gari la hoteli lilikuja na mikate na keki, nikalirudisha barabarani. Niliingia uani kwa Bi Mesaidi mikono mitupu. Walipokwisha kufungua kwa tende nilisimama. Nilisema mkate wa jana ulikuwa umetiwa bia badala ya maji, kwamba umbo lilibadilishwa nami sikujua, kwamba nilijua nilipoonja na nikasema uongo wa mchanga. Nikawaambia maneno ya maalim. Nikaomba radhi.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Shangazi alisema tu, "Kumbe ndiyo mchanga wenyewe." Mama alijifunika uso kwa mtandio. Bi Mesaidi aliinuka, akaenda pipani, akasukutua mdomo mara tatu, akaingia ndani na mlango akaurudisha. Yeye ndiye aliyenilea mama alipokuwa Mombasa akifanya kazi. Alinifundisha alifu kwa kijiti mchangani.

Hotelini nilipewa barua ya onyo. Kosa langu, kama lilivyoandikwa, lilikuwa kuharibu jina la hoteli mbele ya jamii. Nduku naye alipewa, kwa kuokota karatasi. Mpishi Mkuu mwaka uliofuata akapandishwa cheo, akaenda kwenye hoteli kubwa zaidi, na tukachangishwa wote kumnunulia zawadi. Mkate wa bia ulirudi kwenye mviringo, ndiyo, lakini msidhani ni kwa ajili yetu. Wageni walisema wa mkebe hautoki vizuri kwenye picha.

Na mimi Mwabungo nikawa mtu wa kuulizwa. Kabla ya hapo sikuulizwa hata siku moja. Baada ya hapo, nikipeleka mahamri kwenye hitima, mtu anayageuza nyuma na mbele kama anayetafuta mlango wake. "Yana nini ndani haya, Mejumaa?" Watu waliojua kwamba ndiye mimi niliyesema! Meneja aliyenyamaza aliendelea kukaribishwa kwenye kila karamu ya walima, anakaa mbele, anapewa nyama ya mfupa. Mimi niliyesema ndiye niliyepekuliwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani, nakanda donge ambalo halina mlaji, napiga tu meza.

Nilistaafu miaka hiyo yote ikiwa imepita, nikiwa Mkuu wa Mikate, cheo cha Fundi. Meneja Mkuu wa sasa, ambaye ni msichana mzuri wa adabu asiyejua habari hizi, alinifanyia sherehe. Akaniita mbele, akavuta kitambaa kwenye ubao, na hapo pameandikwa kwa chaki za rangi: Mkate wa Nyumbani wa Bia wa Mama Mejumaa. Watu wakapiga makofi. Chini ya ubao kulikuwa na mkate wenyewe, wa mviringo, umekatwa msalaba mgongoni, na kisu kimefungwa utepe ili nikate kipande cha kwanza.

Nilimwambia, "Mwanangu, mkate huu sijawahi kuukanda hata mara moja. Ni wa Nduku." Alicheka, akidhani ni unyenyekevu. Nilimwambia tena, kwa ukali, na makofi yakakatika. Nikamwita Nduku kutoka nyuma, nikampa kisu. Niliahidiwa kwamba jina litabadilishwa. Picha mnazonitumia zinanionyesha kwamba chaki hiyo bado iko. Basi ninyi mnaopita pale, badala ya kupiga picha, pangusani.

Siku hizi ninaoka uani kwangu, mikate ya sinia na boflo chache, kwa wanaotaka. Bi Mesaidi amezeeka sana, haoni vizuri, anatembea kwa kushika ukuta. Ramadhani ya kwanza baada ya kustaafu kwangu alinitumia mjukuu wake kuniita. Nilikwenda na boflo moja chini ya kawa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono akaupapasa mkate, pembe zote nne.

"Una nini ndani, mwanangu?"

Nilihisi hasira ileile ikipanda. Lakini nilikaa chini kwenye mkeka nikamtajia. Unga wa ngano. Maji. Tui la nazi. Sukari, chumvi, hamira, iliki. Mafuta kidogo ya kupaka mkebe. Alisikiliza kila kitu mpaka mwisho, akasema bismillahi, akaumega. Kesho yake akaniita tena, akaniuliza tena, nami nikamtajia tena, na hivyo kila siku mpaka mwezi ukaandama. Na Ramadhani iliyofuata vilevile. Nilianza kutambua kwamba nyumba nzima hunyamaza ninapotaja, na kwamba miaka yote niliyokaa hotelini hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuketi aniulize swali hilo.

Mwaka huu, siku ya tatu ya mfungo, niliingia nikamkuta amekwisha kufungua kwa tende, mkono ameunyoosha. Hakuuliza. Aliuchukua mkate mikononi mwangu, akasema bismillahi, akaanza kuumega.

Nikamshika mkono. "Bado, Bi Mesaidi," nikamwambia. "Unga wa ngano. Maji. Tui la nazi."

Akausubirisha mkate mapajani mpaka nikamaliza.